Ghala la nywila liko simuni, kazi iko saiba: Watumiaji wa Ndhiwa wafanyeje?

KWA mkazi wa Ndhiwa, katika Kaunti ya Homa Bay, ni vigumu siku hizi kupata huduma ya serikali bila nywila. Mwanafunzi anayeomba mkopo kwa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, mwalimu anayetafuta hati yake ya mshahara katika tovuti ya Tume ya Huduma za Walimu, TSC, mfanyabiashara wa Mirogi anayewasilisha taarifa za ushuru kabla ya Juni 30, na kijana anayeomba cheti cha tabia njema ili aajiriwe, wote hukutana na visanduku viwili. Kimoja hudai jina au nambari ya utambulisho. Kingine hudai nywila.

Visanduku hivyo vimezidi kuongezeka. Mfumo wa eCitizen ulianza mwaka 2014 ukiwa na huduma chache. Kufikia Juni 30, 2023, serikali ilipouzindua upya, ilitangaza kwamba huduma zaidi ya 5,000 zilikuwa zimeingizwa humo. Oktoba 1, 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya hazina ya NHIF, na usajili wake pia ukafanywa kwa njia ya mtandao au simu. Mtu ambaye miaka kumi na mitano iliyopita alihitaji kukumbuka nambari ya siri ya M-Pesa pekee, leo ana akaunti sita au saba zinazomtaka athibitishe kuwa yeye ni yeye.

Ili kumpunguzia mtumiaji mzigo huo, watengenezaji wa simu na tarakilishi wameweka ndani ya vifaa vyao programu ya kutunza nywila. Programu hiyo hainunuliwi wala haitafutwi. Mtumiaji huikuta tayari. Akiandika nywila yake kwa mara ya kwanza, kisanduku kidogo hutokea kikimwuliza kama angependa ihifadhiwe. Akikubali, siku nyingine programu hujaza visanduku kwa niaba yake. Katika simu zinazotumia mfumo wa Android, ambazo ndizo nyingi nchini, mwenye kuchagua lugha ya Kiswahili huiona ikiitwa Kidhibiti cha Manenosiri cha Google.

Kwa mtu anayetumia simu yake pekee, mpango huu hufanya kazi vizuri. Matatizo huanza pale anapoondoka kwenye simu na kuketi mbele ya tarakilishi isiyo yake. Na huko ndiko shughuli nyingi nzito hufanyiwa: kujaza fomu ndefu, kupakia nakala za vyeti, kuchapisha barua. Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba asilimia 47.3 ya Wakenya wenye umri wa miaka mitatu na zaidi walimiliki simu ya mkononi, lakini waliotumia tarakilishi walikuwa asilimia 10.4 tu. Pengo hilo ndilo linalojaza saiba.

Wazo lenyewe la nywila katika tarakilishi lilizaliwa katika hali kama hiyo. Mapema miaka ya 1960, katika Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, MIT, nchini Marekani, Fernando Corbató na wenzake walikuwa na mashine moja iliyohudumia watu wengi. Nywila iliwekwa ili kila mmoja azifikie faili zake pekee. Programu za kutunza nywila, kinyume chake, zilibuniwa miongo kadhaa baadaye kwa ajili ya mtu wa aina nyingine: mtu mmoja mwenye simu yake, tarakilishi yake na pengine kompyuta kibao yake, vyote vikiwa vimefunguliwa kwa akaunti moja. Mteja wa saiba ya Ndhiwa, Kobodo au Magina yuko karibu zaidi na watu wa MIT wa miaka ile kuliko mtumiaji aliyefikiriwa na kampuni hizo.

Ili kuelewa ugumu unakotoka, yafaa kujua jinsi ghala hili linavyofanya kazi. Nywila huhifadhiwa zikiwa zimefumbwa ndani ya kifaa, na nakala yake hupelekwa kwenye mitambo ya kampuni husika kupitia akaunti ya mtumiaji. Kifaa kingine chochote kikifunguliwa kwa akaunti hiyohiyo, nakala hushuka humo. Hivyo, ghala husafiri pale tu mwenyewe anapokwenda na akaunti yake, na pale tu kifaa anachokikuta kinapolitambua ghala hilo.

Hapo ndipo penye kikwazo cha kwanza. Kila kampuni ina ghala lake. Apple ilianza kusafirisha nywila baina ya vifaa vyake mwaka 2013, na Septemba 2024 ikatoa programu maalumu ya kuzionyesha na kuzipanga. Google hutunza nywila katika kivinjari cha Chrome na katika simu za Android, ambazo tangu mwaka 2017 zimeweza kujaza nywila hata ndani ya programu nyingine. Samsung ina ghala lake, Firefox ina lake, Opera lina lake na Edge ya Microsoft ina lake. Maghala haya hayasemezani yenyewe kwa yenyewe.

Matokeo yake ni kwamba hata simu moja yaweza kuwa na maghala mawili au matatu bila mwenyewe kujua. Mtu aliyehifadhi nywila ya eCitizen akitumia Opera Mini ili kuokoa bando, kisha akafungua tovuti hiyohiyo kwa Chrome, ataona visanduku vitupu na kudhani nywila yake imefutika. Haikufutika. Imo katika ghala jingine, mlango wa pili.

Kikwazo cha pili ni tovuti zenyewe. Programu hutambua mahali pa kujaza kwa kusoma anwani ya tovuti na mpangilio wa visanduku. Tovuti ikiuliza jina katika ukurasa mmoja na nywila katika ukurasa unaofuata, kama ambavyo iTax ya Mamlaka ya Ushuru Nchini, KRA, imekuwa ikifanya kwa muda mrefu, programu nyingine hushindwa kuunganisha viwili hivyo. Huhifadhi nywila bila jina, au jina bila nywila. Vilevile, mtu akiingia leo kwa baruapepe na kesho kwa nambari ya kitambulisho, ghala hubaki na maingizo mawili ya akaunti moja. Akibadilisha nywila, moja husahihishwa na jingine hubaki na ile ya zamani. Siku ya haraka, simu humpa ile ya zamani, akaunti hufungwa baada ya majaribio kadhaa, na lawama huenda kwa mtandao.

Kikwazo cha tatu ni mambo ambayo ghala haliyagusi kamwe. Nambari ya siri ya M-Pesa huandikwa katika menyu ya kadi ya simu, ambako programu hizi hazifiki. Huduma zinazopigwa kwa alama ya nyota na reli nazo ziko nje. Na mwenye simu ya kabambe, ile isiyo na skrini ya kugusa, hana ghala lolote isipokuwa kichwa chake au daftari lake.

Lakini vikwazo hivi vitatu huchosha tu. Kuna hatari nyingine, kubwa zaidi, inayotokea pale mteja anapojaribu kulazimisha ghala lake lisafiri hadi saiba.

Mtu akifungua baruapepe yake katika Chrome ya saiba, kivinjari kinaweza kumwuliza kama angependa kuingia kwa akaunti yake katika kivinjari chenyewe. Maneno hayo yanafanana na yale ya kawaida, na wengi hubonyeza kukubali ili waendelee. Kwa kukubali, wanaweza kuwa wamezifungulia mlango nywila zao zote, si ya baruapepe tu. Wakiinuka kitini bila kuondoa akaunti, anayeketi baada yao atakuta visanduku vya eCitizen, HELB na hata benki vikijijaza vyenyewe.

Hatari hii pia huenda kinyume. Tuseme mteja wa kwanza ameacha akaunti yake wazi. Mteja wa pili anaingia kwenye iTax, kivinjari kinamwuliza kama kihifadhi nywila, naye anakubali akidhani anajirahisishia kazi. Nywila yake haiendi kwenye simu yake. Inaenda kwenye ghala la mteja wa kwanza, na jioni hiyo yaweza kuonekana kwenye simu ya mtu asiyemjua, pengine aliyekwisha kurudi kwake Pala au Awendo. Hakuna aliyeiba. Kila mmoja alibonyeza alichoulizwa.

Tena, nywila zilizohifadhiwa katika tarakilishi za kawaida hulindwa na nywila ya tarakilishi yenyewe. Saiba ambayo mashine zake huwaka bila kuuliza chochote haina kinga hiyo, na mtu yeyote aliyeketi hapo anaweza kufungua mipangilio na kusoma orodha nzima. Kuna pia programu haribifu ambazo kazi yake mahususi ni kukusanya nywila zilizohifadhiwa katika vivinjari na kuzituma kwa wahalifu.

Kwa hivyo, kanuni inayomfaa mtumiaji wa Ndhiwa ni tofauti na ile inayotolewa kwenye matangazo ya kampuni. Simu iwe ghala. Tarakilishi ya saiba iwe dirisha tu. Nywila isomwe kutoka kwenye simu na kuandikwa kwa mkono kwenye tarakilishi. Isihifadhiwe huko hata mara moja.

Kufanya hivyo si kugumu. Katika simu ya Android, mtumiaji hufungua Chrome, hugusa vitone vitatu vilivyo pembeni, huingia katika mipangilio na kuchagua kidhibiti cha manenosiri. Orodha ya tovuti hutokea. Akigusa tovuti anayoitaka, simu humtaka athibitishe kwa alama ya kidole au kwa nambari ya kufungua skrini, kisha humwonyesha nywila iliyofichwa. Kwa kawaida hatua hii haihitaji bando, kwa kuwa nakala imo ndani ya simu.

Upande wa tarakilishi, aombe afunguliwe dirisha la hali fiche au hali ya mgeni. Madirisha hayo husahau akaunti na kurasa zilizofunguliwa pindi yanapofungwa. Hata hivyo, hayazuii programu haribifu iliyokwisha kuingia katika mashine, wala hayamzuii anayechungulia begani. Kila swali la kuhifadhi nywila lijibiwe kwa kukataa. Na mtu aliyesahau kuondoa akaunti yake hana haja ya kurudi mbio saiba: akiwa nyumbani, anaweza kufungua mipangilio ya usalama ya akaunti yake ya Google kwenye simu, kuona orodha ya vifaa vilivyofunguliwa kwa akaunti hiyo, na kukiondoa kile asichokitambua. Kisha abadilishe nywila alizozitumia siku hiyo.

Njia hii ina usumbufu mmoja. Programu za kutunza nywila hupendekeza nywila ndefu zenye herufi kubwa, herufi ndogo, tarakimu na alama zilizochanganywa ovyo. Ni nzuri sana zinapojazwa na mashine. Kuinakili moja kwa jicho kutoka kwenye skrini ndogo hadi kwenye kibodi iliyofutika herufi ni kazi ya kukera, na kosa la herufi moja hurudisha mambo mwanzo.

Kwa zile akaunti mbili au tatu ambazo mtu hulazimika kuzitumia saiba, ni afadhali kutunga nywila ya maneno manne au matano yasiyohusiana, ya Kiswahili, Dholuo au lugha nyingine yoyote, yakifuatana bila mpangilio wa sentensi ya kawaida. Tovuti ikidai tarakimu na alama, ziongezwe. Shirika la viwango la Marekani, NIST, ambalo mwongozo wake wa mwaka 2003 ulichangia sana kueneza desturi ya nywila zenye alama za ajabu na za kubadilishwa kila mara, lilibadili msimamo mwaka 2017. Mwongozo mpya ulitilia mkazo urefu wa nywila na kushauri isibadilishwe bila sababu, kama vile dalili kwamba imevuja. Akaunti nyingine, zile zinazofunguliwa kwa simu pekee, ziachiwe programu izitungie nywila inavyotaka.

Wapo watakaouliza kama si heri kuandika nywila zote kwenye daftari na kumaliza maneno. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kwa mwenye kabambe daftari linalofungiwa sandukuni nyumbani si aibu. Lakini daftari linalobebwa mfukoni hadi sokoni hupotea, tena husomwa na yeyote anayeliokota. Daftari pia halina uwezo mmoja ambao programu inao. Programu haijazi nywila katika tovuti ambayo anwani yake si ile iliyoandikwa ghalani. Mtu akitumiwa ujumbe wenye kiungo cha tovuti inayofanana kabisa na ya KRA, jicho lake linaweza kudanganyika, lakini programu hunyamaza. Simu ambayo daima hujaza, ikikataa kujaza, inatoa onyo. Msomaji asiharakishe kuandika mwenyewe kabla ya kuikagua anwani herufi kwa herufi.

Hata hivyo, ghala lililo na nywila zote lina udhaifu wake: mlango wake ni mmoja. Nambari ile ya kufungulia skrini ya simu, ambayo katika nyumba nyingi inajulikana na mke au mume, na watoto wanaocheza michezo, mara nyingi ndiyo pia inayofungua ghala. Nambari ya 1234 au mwaka wa kuzaliwa haitoshi tena kwa simu inayobeba akaunti za ushuru, mkopo na matibabu.

Na je, simu ikipotea au ikiibwa? Hapa ndipo wengi hugundua kwamba akaunti iliyobeba ghala lao si yao kikamilifu. Hutokea kwamba anayehudumu saiba ndiye aliyemfungulia mteja baruapepe, akamtungia nywila, na pengine akatumia nambari yake mwenyewe ya simu kuwa ya kurejeshea akaunti. Mteja alipata huduma aliyoitaka siku hiyo, lakini ufunguo wa akiba ulibaki kwa mwingine. Pia kuna waliofunguliwa baruapepe kwa ajili ya fomu moja na hawakuigusa tena. Tangu Desemba 2023, Google imekuwa ikiziondoa akaunti za watu binafsi ambazo hazijatumiwa kwa miaka miwili. Ikiondolewa, na nywila zilizohifadhiwa humo huenda nayo, pamoja na njia ya kurejesha akaunti nyingine zilizosajiliwa kwa baruapepe hiyo.

Tiba yake hufanywa mapema. Mwenye akaunti ahakikishe nambari ya simu ya kurejeshea ni yake na bado inafanya kazi. Google pia huwapa wanaotumia uthibitishaji wa hatua mbili nambari kumi za akiba, kila moja ikiwa na tarakimu nane na ikitumika mara moja tu. Zikichapishwa na kuwekwa pamoja na vyeti vya shule na hatimiliki ya shamba, zinaweza kumrejesha mtu ndani ya akaunti yake hata kama simu na kadi yake vimezama mtoni.

Watumiaji pia wasidhani kwamba ghala la bure litadumu milele. Mwaka 2025 kampuni ya Microsoft iliondoa huduma ya kutunza nywila katika programu yake ya Authenticator. Julai mwaka huo iliacha kujaza, na kuanzia Agosti nywila zilizokuwamo hazikuweza kusomwa tena humo. Watumiaji walielekezwa kwenye kivinjari cha Edge. Anayetaka kuhama ghala anaweza kutoa nywila zake zote kama faili, lakini faili hiyo haina kufuli lolote. Haipaswi kutolewa kwenye mashine ya saiba wala kutumwa kwa WhatsApp, na ifutwe mara tu kazi inapokwisha. Oktoba 2024, muungano wa FIDO unaosimamia viwango vya utambulisho ulichapisha rasimu ya kanuni zitakazowezesha maghala kupokezana siri moja kwa moja bila faili kama hiyo.

Kampuni hizohizo zinasema kwamba nywila yenyewe inaelekea kustaafu. Mwezi Mei 2022, Apple, Google na Microsoft ziliahidi kwa pamoja kuunga mkono ufunguo wa kidijitali unaoitwa pasikii. Mtumiaji haandiki chochote. Simu yake huthibitisha kwa alama ya kidole. Akiwa mbele ya tarakilishi ya mtu mwingine, hupiga picha ya alama ya mraba iliyo kwenye skrini, simu na tarakilishi zikahakikisha kwa Bluetooth kwamba ziko karibu, na mlango ukafunguka bila siri yoyote kubaki nyuma.

Kwa mteja wa saiba, hiyo ingekuwa tiba hasa. Lakini hudai tarakilishi yenye Bluetooth, ambayo mashine nyingi kuukuu za mezani hazina, simu yenye mfumo wa karibuni, intaneti pande zote mbili, na tovuti iliyokubali teknolojia hiyo. Mpaka hayo yote yakutane chini ya paa moja, nywila itaendelea kuandikwa kwa mkono.

Wajibu, kwa hivyo, hauwezi kumwangukia mteja peke yake. Mwenye saiba anaweza kuzima kabisa swali la kuhifadhi nywila katika mipangilio ya kivinjari, na kufanya hali ya mgeni iwe ndiyo ya kawaida katika kila mashine. Ni kazi ya dakika chache. Inamkinga hata yeye mwenyewe, kwani Sheria ya Matumizi Mabaya ya Tarakilishi na Uhalifu wa Mitandao ya mwaka 2018 inaharamisha kuingia katika mfumo bila idhini na kufichua nywila ya mtu bila ruhusa, huku adhabu ikiweza kufika faini ya Sh5 milioni au kifungo cha miaka mitatu.

Nazo taasisi za serikali zinazowataka wananchi kuhudumiwa mtandaoni zinaweza kurahisisha mambo kwa kuweka jina na nywila katika ukurasa mmoja, kuruhusu nywila ndefu za maneno, kutozuia kunakili na kubandika, na kuweka kitufe cha kuonyesha kilichoandikwa. Kila moja ya hatua hizo ni ndogo. Lakini mwanafunzi aliyefungiwa nje ya akaunti yake siku ya mwisho ya kuomba mkopo hupoteza zaidi ya nywila. Nauli ya bodaboda na ada ya saiba zimekwenda, na muhula wa masomo unaweza kufuata.